Siri ya gofu ni pembe, si misuli

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa katika malezi ya watoto na mambo ya nyumbani, lakini uko mchezo mmoja ambao umesimama juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mchezo huo ni gofu. Ufa wa digrii moja katika uso wa fimbo huwa ukuta wa mita kadhaa pale mpira unapoangukia. Na kwa kuwa kiwanja cha zamani cha Mombasa kiko kando ya bahari, huko ukuta huo mara nyingine huwa ni maji ya chumvi.

Klabu ya gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, zama za ukoloni. Kwa miaka mingi wenyeji waliutazama mchezo huo kutoka ng'ambo ya ua, au waliingia ndani kwa kazi ya kuwachukulia wengine mifuko ya fimbo. Haishangazi basi kwamba hata leo wengi wetu hudhani gofu ni mchezo wa watu wawili tu: mwenye pesa na mwenye misuli. Juu ya pesa mwandishi hatabisha, maana fimbo ni ghali. Bali juu ya misuli pana kosa kubwa, na kosa hilo huwagharimu watu hizo hizo pesa, kama tutakavyoona mwishoni.

Msomaji akitaka ushahidi na asimame jioni moja kando ya kiwanja chochote cha gofu. Atamwona kijana mwenye mabega mapana akizungusha fimbo kwa nguvu zake zote, mpira ukapaa kama njiwa aliyeshtuliwa, ukapinda kulia na kupotelea vichakani. Nyuma yake atakuja mzee mwembamba mwenye mvi, apige taratibu kama mtu afagiaye ua, na mpira wake uende mbali ya kutosha, uanguke katikati ya njia na kutulia. Watazamaji husema mzee ana bahati, au ana uzoefu. Uzoefu anao, lakini ni uzoefu wa nini? Ni uzoefu wa kuuleta uso wa fimbo kwenye mpira ukiwa katika pembe iliyo sawa.

Tezo, tanga na tiara

Watu wa pwani hatuhitaji mgeni kutufunza thamani ya pembe. Mtazame fundi wa majahazi na tezo lake. Bapa la tezo limeegemea mpini kwa pembe maalumu. Pembe ikiwa kali mno, tezo huzama katika ubao na kung'oa bonge. Ikiwa imelegea, huteleza juu ya mti bila ya kukata. Mkono ni ule ule, chuma ni kile kile, lakini kazi mbalimbali.

Nahodha naye hujua kwamba tanga moja na upepo mmoja vyaweza kulikimbiza jahazi au kulisimamisha likipigapiga tanga ovyo, kwa sababu tu ya pembe baina ya tanga na upepo. Hata mtoto arushaye tiara hujua kwamba uzi wa kifuani ukifungwa juu kidogo au chini kidogo, tiara ama hupanda ama hujipigiza mchangani.

Fimbo ya gofu ni ndugu ya vyombo hivyo. Ukiiona kwa mbali utadhani ni upembo wa kuangulia maembe uliopinduliwa chini juu. Ina mpini mrefu na kichwa kidogo, na kichwa kina uso wa kugongea mpira. Uso huo haukusimama wima. Umelala nyuma kidogo. Huo ndio mwinamo wake, na ndio pembe ya kwanza katika mchezo huu.

Fimbo ndefu ya kuanzia, iitwayo draiva, ina mwinamo wa digrii 9 hadi 12 hivi. Fimbo za chuma zenye nambari huinama zaidi kadiri nambari inavyokuwa kubwa. Fimbo fupi za kuupandisha mpira juu, ziitwazo weji, huanzia digrii 45 hivi na kufika 60. Hata ile ya kuusukumia mpira shimoni, ambayo kwa macho imesimama wima, ina digrii 3 au 4, ili uunyanyue mpira kidogo kutoka katika kitanda chake cha nyasi kabla haujaanza kubingirika.

Sheria humruhusu mchezaji kuchukua fimbo 14 tu mfukoni. Wamarekani waliweka kikomo hicho mwaka 1938, na Waingereza wakafuata mwaka 1939. Mtu aweza kuuliza: kwa nini fimbo zote hizo kwa mpira mmoja mdogo usiozidi gramu 45.93? Jibu ni kwamba mchezaji mzuri habadilishi nguvu zake kila anapopiga. Huweka mkono wake karibu katika mwendo ule ule, na kuiachia fimbo, kwa urefu wake na pembe yake, kazi ya kuupeleka mpira karibu au mbali.

Mtu wa Basra na tufe la chuma

Ili tuelewe kinachotokea wakati fimbo inapougonga mpira, inafaa turudi nyuma miaka elfu moja, katika mji wa Cairo. Huko aliishi mwanachuoni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki mnamo mwaka 1040. Yeye ndiye mwandishi wa Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, ambacho baadaye kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Ibn al-Haytham alipotaka kueleza kwa nini nuru hurudi inapokigonga kioo, alichukua mfano wa tufe dogo la chuma linalorushwa kwenye kioo kigumu. Tufe likija kwa mshazari, alieleza, mwendo wake wafaa utazamwe kana kwamba ni miendo miwili. Mmoja hukita moja kwa moja katika uso wa kioo. Wa pili huambaa na uso huo, kama chombo kinavyoambaa pwani. Kioo huuzuia mwendo wa kukita na kuurudisha ulikotoka, lakini mwendo wa kuambaa hakiuzuii.

Mwanachuoni huyo hakupata kushika fimbo ya gofu. Hata hivyo mgawanyo wake wa miendo miwili ndio huo huo wanaoutumia wataalamu wa leo wanapoueleza mpira wa gofu. Fimbo inapokwenda mbele na uso wake umelala nyuma, mwendo wake hugawanyika vivyo hivyo. Sehemu ya kukita huusukuma mpira na kuupa kasi. Sehemu ya kuambaa huufanya mpira utake kupanda juu ya uso wa fimbo. Hapo msuguano huushika, nao huanza kuzunguka kinyumenyume, yaani sehemu yake ya juu ikirudi kwa mpigaji. Kwa draiva ya digrii 10, karibu mwendo wote ni wa kukita. Kwa weji ya digrii 48, kuambaa kunazidi kukita. Ndiyo maana draiva hutoa kasi na weji hutoa mzunguko.

Yote hayo hutokea katika muda ambao akili haiwezi kuufuata. Fimbo na mpira hugusana kwa kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kabla mkono haujahisi pigo, mpira umeshaondoka. Hapana awezaye kuurekebisha uso wa fimbo katika muda huo. Pembe iliyoletwa ndiyo iliyoletwa.

Hapa ndipo wanaojifunza wanapokosea. Mtu huuona mpira umelala chini, naye anataka upae. Basi hujaribu kuuchota kwa fimbo kama achotaye wali kwa mwiko. Matokeo yake fimbo huchimba ardhi nyuma ya mpira, au huugonga mpira kichwani ukabingirika kama embe bovu. Kazi ya kupandisha si ya mkono. Imekwisha kuwekwa katika chuma na fundi aliyeitengeneza fimbo. Kwa fimbo za chuma, mchezaji hodari hupiga kwa kushuka kidogo, akauacha mwinamo ufanye kazi yake.

Rada zinazopima mipira ya wachezaji wa kulipwa huko Marekani zimeonyesha jambo hili waziwazi. Kwa wastani, draiva yao huenda kilomita 182 kwa saa, mpira hutoka na pembe ya digrii 11 hivi, ukizunguka mara 45 kwa sekunde, na huruka mita 251 kabla ya kugusa ardhi. Kwa weji ya kwanza, mpira hutoka na digrii 24, ukizunguka mara 155 kwa sekunde, na huruka mita 124 tu. La ajabu ni kwamba kimo cha juu kabisa kinakaribiana: baina ya mita 26 na 29. Draiva na weji hufika katika dari moja, ila kila moja kwa ngazi yake.

Mpira unaojibeba hewani

Jiwe likirushwa, hupanda na kushuka kwa uzito wake tu. Mpira wa gofu haufanyi hivyo. Hukaa hewani zaidi ya inavyostahili, kana kwamba umeshikwa na mkono usioonekana. Mkono huo ni mzunguko wa kinyumenyume.

Mpira unaozunguka hivyo huivuta hewa ipitayo juu yake na kuielekeza chini nyuma yake. Hewa inaposukumwa chini, nayo huusukuma mpira juu, kama vile upepo unavyoibeba tiara iliyoegemea nyuma. Wachezaji wa zamani waliamini kwamba mzunguko wa kila namna ni hasara. Aliyeonyesha kinyume chake ni Peter Guthrie Tait, profesa wa chuo kikuu cha Edinburgh huko Scotland, ambaye katika miaka ya 1890 aliandika juu ya jambo hili katika jarida la sayansi la Nature. Ili ahesabu mizunguko, alifunga utepe katika mpira na kuhesabu jinsi ulivyosokoteka. Mwanawe, Freddie Tait, alikuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898, kwa hiyo maabara ya mzee ilikuwa nyumbani kwake.

Mpira wenyewe nao una hadithi. Kuanzia mwaka 1848 ilitumika mipira ya utomvu mgumu uitwao gutapacha, utokao katika miti ya nchi za Kimalei. Ilipokuwa mipya na laini iliruka vibaya. Ilipokwisha kukwaruzwa na kupata makovu ikaruka vizuri. Wachezaji wakaligundua hilo viwanjani kabla ya wasomi kulieleza, na mafundi wakaanza kuitia alama kwa nyundo. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akaandikisha hataza ya mpira wenye vibonyo vya duara, na mpira wa leo una vibonyo baina ya 300 na 500. Mpira wenye vibonyo hufika karibu mara mbili ya umbali wa mpira laini uliopigwa vivyo hivyo.

Mahali pasipo na hewa, haya yote hayapo. Mwaka 1971 mwanaanga wa Marekani Alan Shepard alichukua kichwa cha fimbo nambari 6 hadi mwezini, akakitia katika mpini wa chombo cha kuchotea udongo, na kupiga mipira miwili kwa mkono mmoja. Picha za safari hiyo zilipochunguzwa upya mwaka 2021, mpira wa pili ulikutwa umekwenda mita 37 hivi. Huko mpira hauwezi kubebwa wala kupinda, kwa sababu hapana hewa ya kuushika.

Kusi linapovuma

Sisi huku hewa tunayo, tena ya kutosha. Kaskazi ikiondoka huja kusi, na mchezaji wa pwani hawezi kujidai kwamba hauoni upepo.

Mpira ukienda kinyume cha upepo, ni kana kwamba mwendo wake katika hewa umeongezeka. Nguvu ya kuubeba huzidi, na nguvu ya kuuzuia huzidi pia. Mpira wenye mzunguko mwingi hupanda, hupanda tena, husimama angani kama tiara, kisha huanguka karibu wima, mbali sana na pale ulipotakiwa. Mchezaji asiyejua husema: upepo ni mkali, basi nipige kwa nguvu zaidi. Akipiga kwa nguvu zaidi huzidisha mzunguko, na mzunguko ukizidi mpira hupaa zaidi. Nguvu zake mwenyewe ndizo zinazomrudisha nyuma.

Ajuaye hufanya kama nahodha katika dhoruba. Nahodha hateki tanga kubwa ili ashindane na upepo. Huliteremsha na kutweka dogo. Mchezaji naye huchukua fimbo yenye mwinamo mdogo zaidi, akapiga taratibu, ili mpira uende chini chini chini ya upepo. Pembe imepunguzwa, mkono umetulizwa, na mpira umefika.

Kulia, kushoto na kibla

Mpaka hapa tumesema juu ya kupanda na kushuka. Iko pembe nyingine inayowaliza wachezaji zaidi, nayo ni ile ya kulia na kushoto.

Kwa miaka mingi walimu wengi wa gofu walifundisha kwamba mpira huanza kuelekea kule fimbo inakokwenda, kisha hupinda kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama. Maelfu ya wanafunzi walijirekebisha kwa kufuata fundisho hilo, na wengi wakazidi kuharibikiwa. Rada zilipoingia viwanjani katika miaka ya 2000 zikaonyesha kwamba mpira huanza karibu na kule uso unakotazama. Kwa draiva, mchango wa uso katika mwelekeo wa kwanza ni kiasi cha asilimia 85. Kwa fimbo za chuma ni asilimia 75 hivi. Baada ya hapo mpira hupinda kwa kiasi cha tofauti iliyopo baina ya uso na njia ya fimbo. Mhimili wa mzunguko huwa umelala upande mmoja, na mpira hufuata upande huo, kama mwewe anavyoinamisha bawa lake anapotaka kugeuka.

Yule kijana wa mwanzo, ambaye mpira wake ulipinda kulia, uso wa fimbo yake ulikuwa umefunguka kwa digrii chache tu kulinganisha na njia ya mkono wake. Digrii moja ni kitu gani? Kwa jicho si kitu. Lakini katika mita 200, mstari uliokosea digrii moja huwa umeshaachana na lengo kwa mita tatu na nusu, kabla hata ya kuhesabu kupinda.

Kwa Waislamu wa Mombasa mfano ulio wazi ni kibla. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, ndiyo maana misikiti yetu huelekea kaskazini. Umbali ni zaidi ya kilomita 2,800. Mstari ukitoka hapa ukakosea digrii moja tu, utapita kando ya Makka kwa karibu kilomita 50. Kosa ni lile lile moja dogo. Safari ndiyo inayolikuza.

Kuna pembe ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni ile iliyo baina ya mpini na ardhi. Fimbo ikiwa fupi mno au ndefu mno kwa mwili wa mtu, kichwa hakikai sawa juu ya nyasi. Ncha yake huinuka au huzama. Ncha ikiinuka, uso hutazama kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa draiva kosa hilo ni dogo, maana uso wake umekaribia kusimama wima. Lakini kwa weji, ambayo uso umelala sana, ncha ikiinuka kwa digrii mbili mpira wa mita 120 hutua zaidi ya mita 4 kushoto. Mtu aweza kupiga vizuri siku nzima, akajilaumu bure, kumbe anatumia fimbo iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Mwana wa seremala

Ni nani basi anayeweza kuzijua pembe hizi? Je, ni maprofesa peke yao? Kisa cha Gene Sarazen kinajibu.

Sarazen alizaliwa mwaka 1902 huko Harrison, New York, mtoto wa seremala mhamiaji kutoka Italia. Jina lake la kwao lilikuwa Eugenio Saraceni. Alianza gofu utotoni kwa kuwabebea wakubwa mifuko ya fimbo. Mwaka 1922, akiwa na miaka 20 tu, alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani.

Lakini Sarazen alikuwa na adui mmoja, nao ni mchanga. Katika viwanja vya gofu huchimbwa mashimo ya mchanga kuwa mitego, na fimbo za zama zile zilikuwa na ukingo mkali chini. Zikiingia mchangani zilizama kama kisu katika wali, mpira ukabaki palepale. Fimbo moja yenye uso uliobonyea kama kijiko ilijaribiwa, nayo ikapigwa marufuku mwaka 1931.

Sarazen mwenyewe alisimulia kwamba fikira ilimjia alipokuwa akiruka katika ndege na tajiri Howard Hughes. Aliona kwamba sehemu ya mkia inapobadilishwa pembe, ndege yote huinua pua. Akaingia katika karakana, akaongeza chuma kwa kulehemu chini ya fimbo, hata soli yake ikawa nene, na ukingo wa nyuma ukawa chini kuliko ule wa mbele. Fimbo haikuzama tena. Ilipita chini ya mpira kama mwiko, ikausukuma mchanga, na mchanga ukautoa mpira. Mwaka 1932 alikwenda nayo kwenye ubingwa wa wazi wa Uingereza uliochezwa Prince's, Sandwich. Kwa maelezo yake, kabla ya mashindano aliificha kwa kuitia mfukoni kichwa chini, asije msimamizi akaikataa. Alishinda, na tangu hapo karibu kila mfuko una fimbo ya namna ile.

Pembe hiyo ya soli leo huwa digrii 10 hadi 14 kwa fimbo ya mchanga. Mchanga mkavu na laini, kama ule wa juu ufukoni, hutaka soli yenye pembe kubwa. Mchanga mgumu uliolowa hutaka pembe ndogo, la sivyo fimbo hudunda na kuupiga mpira kichwani. Mtu aliyekulia ufukoni hahitaji kuambiwa tofauti ya michanga hiyo miwili. Nyayo zake zinaijua.

Pishi yenye kitako cha juu

Sasa tufike kwenye pesa tulizoziahidi. Zamani sokoni nafaka zilipimwa kwa pishi na kibaba. Mnunuzi mwerevu hakuridhika na jina la pishi. Alitazama ndani, asije akauziwa pishi yenye kitako kilichoinuliwa. Sura ya 83 katika Kurani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la hao wanaopunja vipimo, na jambo hilo peke yake latosha kuonyesha uzito wake.

Katika gofu, nambari iliyochongwa chini ya fimbo ni jina tu. Hapana sheria inayosema nambari 7 iwe na digrii ngapi. Katika miaka ya 1970 nambari 7 ilikuwa na mwinamo wa digrii 36 hadi 38 hivi. Leo nyingi zina digrii 30 au pungufu, tena mipini yake imerefushwa. Hiyo ni takriban nambari 5 ya zamani iliyobadilishwa jina. Mtu huijaribu dukani, akaona mpira unakwenda mbali kuliko wa fimbo yake ya zamani, akafurahi kwamba nguvu zake zimerudi, akalipa. Nguvu hazikurudi. Pembe ndiyo iliyobadilishwa.

Haki isemwe pia. Watengenezaji wanajitetea kwamba siku hizi uzito wa kichwa umewekwa chini zaidi, hivyo mpira hupaa kwa urahisi, na mwinamo wa zamani ungeupandisha mno. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa anayeanza fimbo hizo ni rahisi kuzipiga. Wala hawajavunja sheria yoyote. Lakini mnunuzi na ajue alichonunua. Weji ya kwanza, ambayo zamani ilikuwa karibu digrii 50, katika seti nyingi leo imeshuka hadi 43 au 45, na fimbo ya mchanga imebaki 55 au 56. Katikati pamefunguka pengo la digrii zaidi ya 10, na ili alizibe, mteja huuziwa fimbo nyingine. Amelipia umbali, kisha akalipia pengo.

Jambo hili lawahusu zaidi vijana wetu wanaoanza, kwa sababu wengi huanza na fimbo zilizokwisha kutumika, hii ya mwaka huu, ile ya zamani, kila moja kutoka seti yake. Kijana aliye na nambari 7 ya zamani na nambari 8 ya leo huenda akakuta nambari 8 inapeleka mpira mbali kuliko 7, akadhani hajui kucheza na kukata tamaa. Kosa si la mkono wake. Na achukue fimbo zake kwa fundi mwenye chombo cha kupimia, aandike mwinamo wa kila moja kwa digrii, azipange kwa digrii na kusahau nambari. Fimbo nyingi za chuma laini zaweza hata kupindwa digrii moja au mbili, ili hatua baina yake ziwe sawa.

Kazi hiyo haihitaji misuli wala mali nyingi. Yahitaji jicho kama lile la fundi wa majahazi, ambaye kabla hajapiga tezo hulifumbia ubao jicho moja na kuuangalia kwa jingine mpaka mwisho wake. Vijana wenye jicho hilo pwani hii wapo tele. Wakipewa nafasi ya kushika fimbo, wataona kwamba mengi katika mchezo ule ulio ng'ambo ya ua wanayajua tangu zamani, ila hawajaambiwa kwamba wanayajua.